Mmoja Tena: Maisha ya Desmond Doss, Askari Asiyebeba Bunduki

(Hotuba hii ilitolewa katika semina ya siku moja ya wanakamati wa parokia, mbele ya baadhi ya wafadhili wetu. Msemaji ni mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya maendeleo ya parokia yake. Tunaichapisha kwa maombi ya wajumbe wengi waliohudhuria.)



Nimeombwa niseme machache juu ya ushujaa. Najua wengi wenu mlitegemea nianze na wazee wetu wa KAR, wale tuliozoea kuwaita makeya, waliovuka bahari wakapigana Burma mwaka 1944 na 1945. Humu ndani wapo wajukuu wao. Wazee wale wanastahili siku yao peke yao, na ninaomba kamati ya maandalizi ilikumbuke hilo.

Leo nimemchagua mtu wa vita ileile, aliyepambana na jeshi lilelile la Japani, lakini katika kisiwa kingine na chini ya bendera nyingine. Ni Mmarekani, jina lake Desmond Doss. Hakuwa wa kanisa letu, alikuwa Msabato. Nimemchagua kwa sababu alipewa nishani kubwa kuliko zote katika jeshi la nchi yake bila kufyatua hata risasi moja. Ninayo na sababu ya pili. Hiyo nitaisema mwishoni, kwa kuwa inanihusu mimi na kamati yangu, na haitupi sifa.

Mtoto wa seremala

Desmond Thomas Doss alizaliwa tarehe 7 Februari 1919 katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa fundi seremala. Mama yake alikuwa mshika dini, na ndiye aliyewalea watoto watatu wa nyumba ile katika imani. Desmond alisoma shule ya kanisa lao mpaka darasa la nane, kisha akaacha ili afanye kazi na kuisaidia familia, maana miaka ile ya 1930 hata Marekani watu walikosa kazi na wengine walikosa chakula.

Ukutani nyumbani kwao ilitundikwa picha yenye Amri Kumi za Mungu, ambayo baba aliinunua mnadani. Kila amri ilikuwa na mchoro wake. Kwenye amri inayosema “Usiue” alichorwa Kaini amesimama, na Abeli ndugu yake amelala chini amekufa. Sisi Wakatoliki amri hiyo tunaihesabu kuwa ya tano, wao wanaihesabu kuwa ya sita. Hesabu zinatofautiana lakini maneno ni yaleyale. Mtoto yule alikuwa akipanda juu ya kiti aitazame picha ile kwa karibu, akijiuliza imewezekanaje ndugu amfanyie ndugu yake jambo kama lile.

Siku moja akaliona swali lile ndani ya nyumba yao. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba baba yake na mjomba wake waligombana wakiwa wamelewa, na baba akatoa bastola. Mama akaingia kati, akaichukua, akampa Desmond akimwambia akimbie akaifiche. Baada ya siku ile aliweka nia kwamba hatashika silaha tena.

Nawaomba mlishike jambo hili. Msimamo wake juu ya silaha hakuutoa katika kitabu cha siasa. Ulitokana na picha ya ukutani, na mama aliyesimama kati ya wanaume wawili waliolewa.

Hakukimbia jeshi

Vita ilipoingia Marekani, Doss alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza meli huko Newport News. Kazi ile ilihesabiwa kuwa ya ulinzi wa nchi, na angeweza kuomba asamehewe kwenda jeshini. Hakuomba. Alisema vijana wenzake wanakufa kwa ajili yake, naye hawezi kubaki nyumbani. Tarehe 1 Aprili 1942 akaingia jeshini.

Serikali ilimwandika katika kundi la watu wanaokataa silaha kwa sababu ya dhamiri. Jina hilo hakulipenda. Alisema yeye hakatai kitu: ataitumikia nchi yake, atavaa sare, atasaluti bendera. Ila hatabeba silaha, na siku ya Jumamosi, ambayo kwao ndiyo Sabato, hatafanya kazi za kawaida. Kuhudumia majeruhi siku ya Sabato hakuona kosa, kwa kuwa Bwana Yesu mwenyewe aliponya wagonjwa siku hiyo. Aliomba awe mhudumu wa afya vitani.

Jeshi halikumwelewa. Kambini Fort Jackson, katika jimbo la South Carolina, alipangwa kwanza katika kombania ya bunduki ya Divisheni ya 77. Usiku alipopiga magoti kando ya kitanda chake kusali, wenzake walimrushia viatu. Yupo aliyemwambia wazi kwamba wakifika vitani atampiga risasi yeye mwenyewe. Ofisa mmoja alijaribu kumfungulia mashtaka ya kukaidi amri ya kushika bunduki. Wengine walitaka aondolewe jeshini kwa madai kwamba akili zake hazikuwa sawa. Hilo nalo alilikataa. Aliwaambia kwamba angekuwa Mkristo wa namna gani kama angekubali kuandikwa mwendawazimu kwa sababu ya dini yake.

Mwishowe alipangwa kazi aliyoiomba, akawa mhudumu wa majeruhi katika Kombania B ya Rejimenti ya 307. Agosti ya mwaka huohuo alikuwa amefunga ndoa na Dorothy Schutte, naye akampa zawadi ya Biblia ndogo ya mfukoni. Biblia hiyo alienda nayo vitani, na tutakutana nayo tena.

Guam, Leyte, kisha Okinawa

Wengi wenu mmeona filamu ya mwaka 2016 iliyotengenezwa juu yake, au mmesimuliwa na watoto wenu. Filamu ile inamtoa mazoezini na kumpeleka moja kwa moja Okinawa. Hali haikuwa hivyo. Alianzia kisiwa cha Guam mwaka 1944, kisha akaenda Leyte katika Ufilipino. Kote huko kazi yake ilikuwa moja: mtu akianguka na kuita, yeye anatambaa mpaka alipo, anafunga jeraha, anamvuta. Alitunukiwa Nyota ya Shaba kwa kazi hiyo. Okinawa alifika akiwa tayari ni mtu ambaye wenzake wamemwona kazini. Waliomrushia viatu walikuwa sasa wanataka kujua kama yuko karibu.

Nasema hivi kwa sababu tunapenda kuamini kwamba ushujaa hushuka kwa mtu siku moja kama umeme wa radi. Kwa Doss ulijengwa kidogo kidogo, kwa miezi mingi, pale ambapo hapakuwa na mpiga picha.

Vita ya Okinawa ilianza tarehe 1 Aprili 1945 na kuendelea mpaka mwishoni mwa Juni. Ilikuwa miongoni mwa vita mbaya kuliko zote katika Bahari ya Pasifiki. Wamarekani zaidi ya 12,000 walikufa, Wajapani wengi zaidi kuliko hao mara kadhaa, na raia wa kisiwa kile, wanawake kwa watoto, walikufa kwa makumi ya maelfu. Sitaki mtu atoke hapa akidhani ninaisifu vita. Ninamsifu mtu mmoja aliyekuwa ndani yake.

Juu ya jabali la Maeda

Kusini mwa kisiwa palikuwa na mlima mrefu uliokatika kwa ghafula, unaoitwa Maeda. Taarifa rasmi ya jeshi inaupa kimo cha futi 400, yaani kama mita 120, na sehemu ya juu ilisimama wima kama ukuta. Wajapani walikuwa wamechimba mapango na njia za chini kwa chini humo ndani. Wamarekani walipanda kwa nyavu kubwa za kamba, zile zinazotumika kupakia mizigo melini. Doss alikuwa mmoja wa watu watatu waliojitolea kwenda kuzifunga nyavu hizo juu, mahali ambapo adui angeweza kuwaona.

Siku inayokumbukwa zaidi ni tarehe 5 Mei 1945. Ilikuwa Jumamosi, Sabato yake. Kapteni wake hakuwa na mhudumu mwingine wa kwenda na kombania, akamwomba. Doss alikubali, ila aliomba kwanza amalize kusoma na kusali. Nao wakamngoja. Hebu fikirini: jeshi zima linapanga mashambulizi, na kombania inamngoja mtu mmoja amalize sala, yuleyule aliyerushiwa viatu kwa sababu ya sala hiyohiyo.

Wakapanda. Huko juu wakapigwa vibaya kwa mizinga, makombora na bunduki za rashasha. Ikatoka amri ya kurudi nyuma. Walioweza kutembea wakashuka kwa zile nyavu. Wasioweza kutembea wakabaki juu, wametapakaa. Doss akabaki nao.

Alimwendea mmoja, akamvuta mpaka ukingoni. Kule mbele alikuwapo adui, na chini ya ukuta wenzake, lakini kati yao na majeruhi hapakuwa na ngazi. Alichokuwa nacho ni kamba. Hapo ndipo yanapoingia mazoezi. Wakati wa mafunzo Marekani walifundishwa kufunga fundo la kitanzi. Siku moja aliikunja kamba vibaya, ikatoa vitanzi viwili badala ya kimoja. Pengine wenzake walicheka. Yeye alilikumbuka fundo lile. Sasa juu ya jabali, kila mguu wa majeruhi aliupitisha katika kitanzi chake, akamzungushia kamba kifuani, akaizungusha upande wa pili kwenye kisiki, akamteremsha taratibu mpaka mikononi mwa wenzake. Kisha akageuka nyuma.

Alisimulia baadaye kwamba muda wote ule alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, amsaidie ampate mmoja tena. Akimshusha huyo, anaomba mmoja tena. Hakumwomba Mungu awaokoe wote. Hata mwisho wa kazi ile hakuuomba. Aliendelea hivyo kwa saa nyingi, mpaka hakubaki majeruhi aliyeweza kumfikia.

Walikuwa wangapi?

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi tunaoandika taarifa.

Baada ya vita wakubwa wake walitaka kujua aliokoa watu wangapi. Kwa kuhesabu waliopanda na walioshuka wenyewe kwa miguu yao, walikadiria kuwa ni 100. Doss akasema haiwezekani, muda usingetosha, hawakuzidi 50. Wakavutana. Mwishowe wakakubaliana katikati, ikaandikwa 75. Ndiyo maana mpaka leo vitabu vingi vinasema 75.

Ninyi wanakamati, nani kati yetu aliwahi kuandikiwa watu 100 katika taarifa ya mradi, akasema hapana, wekeni 50? Wageni wetu wafadhili watanisamehe, lakini wao pia wanajua kwamba tarakimu kubwa hufungua mfuko haraka. Doss aliipunguza hesabu ya sifa yake kwa nusu, mbele ya watu waliotaka kumpa nishani. Kwake kazi haikuwa tarakimu. Ilikuwa huyu, halafu yule, halafu mmoja tena.

Usiku wa tarehe 21 Mei

Nishani ile haikuwa ya siku moja. Maelezo yake yanaanzia tarehe 29 Aprili mpaka 21 Mei 1945, na yanataja mengi. Tarehe 2 Mei alimfuata majeruhi mbele ya mstari wa vita, yadi 200 kutoka kwa wenzake. Siku mbili baadaye aliwaendea wanne walioanguka mbele ya pango lenye adui. Alifika mpaka yadi 8 kutoka mlango wa pango, akawafunga majeraha, kisha akarudi mara nne kuwatoa.

Usiku wa tarehe 21 Mei, karibu na Shuri, ikawa zamu yake. Bomu la mkono lilimlipukia, likamjeruhi miguu yote miwili. Hakuita mhudumu mwingine atoke kwenye maficho. Alijifunga majeraha mwenyewe, akangoja saa tano gizani. Wabeba machela walipofika wakambeba. Njiani vifaru vya adui vikashambulia. Doss akaona karibu nao askari aliyeumia zaidi, akajiburuta akashuka kwenye machela, akawaambia wambebe yule kwanza.

Akiwa pale chini akingoja warudi, akapigwa risasi, mfupa wa mkono ukavunjika. Kilichofuata ningekuwa mtunzi wa hadithi ningeogopa kukiandika. Aliokota kitako cha bunduki, akakifunga kwenye mkono uliovunjika ili mfupa usichezecheze, akatambaa yadi 300 mpaka kituo cha huduma ya kwanza. Bunduki aliyoikataa miaka yote aliitumia siku ile kama ubao wa kunyoosha mkono.

Katika purukushani ile aliipoteza Biblia aliyopewa na mkewe. Akiwa melini, akipelekwa kutibiwa, aliomba wenzake wajulishwe. Askari wa kombania ile wakarudi mahali pa vita, wakaitafuta mpaka wakaipata, wakamtumia kwa posta. Mnakumbuka walikuwa nani hao? Ni watu wa kambi ileile ya viatu.

Baada ya nishani

Tarehe 12 Oktoba 1945, Ikulu ya Marekani, Rais Harry Truman alimvisha Koplo Desmond Doss Nishani ya Heshima. Alikuwa mtu wa kwanza wa namna yake, aliyekataa silaha kwa sababu ya dhamiri, kupewa nishani hiyo. Baadaye walipewa wengine wawili kutoka vita ya Vietnam, Thomas Bennett na Joseph LaPointe, nao pia walikuwa wahudumu wa majeruhi. Hao walipewa wakiwa wameshakufa.

Hotuba nyingi juu yake huishia hapa, Ikulu, kwenye makofi. Mimi naomba tuendelee, maana alikuwa na umri wa miaka 26 tu, na aliishi miaka 60 zaidi.

Mwaka 1946 iligundulika kwamba ana kifua kikuu, alichokipata akiwa Leyte. Alikaa hospitali jumla ya zaidi ya miaka 5. Madaktari walimtoa pafu la kushoto na mbavu 5. Alitoka mwaka 1951 akiwa na pafu moja na mkono usio na nguvu kama zamani. Kazi ya useremala aliyoitarajia haikuwezekana tena. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Walikwenda kuishi kwenye shamba dogo huko Rising Fawn, jimbo la Georgia, na Dorothy akafanya kazi ya uuguzi ili nyumba iende. Nishani ilikuwapo, lakini nishani hailimi wala haipiki.

Mwaka 1976 alipoteza uwezo wa kusikia kabisa, jambo lililohusishwa na dawa kali alizopewa. Kwa miaka 12 aliishi kimya, mpaka mwaka 1988 alipowekewa kifaa cha kumsaidia kusikia. Mwaka 1991 Dorothy alikuwa akiugua saratani. Doss alikuwa akimpeleka hospitali, gari likapata ajali, Dorothy akafa. Mtu aliyewashusha wengi jabalini kwa mikono yake mwenyewe hakuweza kumfikisha mkewe hospitali. Sina maneno ya kuongeza hapo, nadhani hata yeye hakuwa nayo. Mwaka 1993 alioa tena, na mke huyo wa pili, Frances, alikaa naye mpaka mwisho.

Alifariki tarehe 23 Machi 2006 huko Piedmont, Alabama, akiwa na umri wa miaka 87, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya wanajeshi mjini Chattanooga, Tennessee. Kwa miaka mingi watu wa filamu walikuwa wamembembeleza awape hadithi yake, naye alikataa akihofu wangeigeuza. Filamu kubwa ilipotoka, yeye alikuwa kaburini miaka 10.

Linalonihusu

Sasa ile sababu ya pili niliyowaahidi.

Katika parokia yangu alikuwako mama mmoja, mhudumu wa kujitolea wa wagonjwa majumbani. Sitamtaja jina. Miaka ile ya ukimwi, kabla dawa hazijafika kwetu, yeye ndiye aliyeingia katika nyumba ambazo wengine tulipita mbali. Aliogesha wagonjwa, alifua mashuka, aliwafikisha zahanati kwenye baiskeli, yeye akisukuma na mgonjwa amekaa nyuma. Hakuwa na posho. Siku ya somo wa parokia tukamwita mbele, tukampa cheti na doti ya kanga, watu wakapiga vigelegele. Cheti kile nilikiandika mimi kwa mkono wangu.

Miaka ikapita. Akaumwa mgongo, akashindwa kutembea. Habari zilinifikia. Nilisema nitakwenda. Nilikuwa na vikao, nilikuwa na taarifa za kuandika. Ikapita miezi minane. Katika taarifa za kamati yangu jina lake lilikuwapo muda wote huo, katika orodha ya “wahudumu waliotambuliwa”.

Siku nilipokwenda nilimkuta amekaa mlangoni kwenye mkeka. Cheti kilikuwa ukutani, kimefunikwa na nailoni kisiliwe na vumbi. Alinipokea vizuri, akamwambia mjukuu anichemshie chai. Halafu akaniuliza, bila hasira yoyote: “Mwalimu, kamati bado ipo?”

Nilikosa jibu. Niliporudi nyumbani ndipo nilipoanza kusoma habari za Doss, na kilichonishika hakikuwa jabali. Kilinishika kile kipindi cha hospitali, pafu lililotolewa, shamba dogo, na mke aliyebeba nyumba. Nikaona kwamba sisi ni hodari sana wa kushangilia ukingoni mwa jabali. Mtu akishamaliza kushusha wengine, akabaki yeye, hatujui nani atamfuata.

Ninayoomba kwa kamati ni machache, na nimeanza nayo kwangu. Kwanza, kila kamati irudi nyumbani ikaandike orodha ya watu waliotumika zamani, wahudumu, makatekista, walinzi wa visima, wale tuliowapa vyeti, na mbele ya kila jina iandike hali yake leo. Pili, kila mwezi wajumbe wawili waende kwa mmoja wao. Wasingoje fedha. Wende na muda na sabuni. Tatu, tunapoandika idadi za tuliowahudumia, tuandike zile tunazoweza kuzitetea kwa majina, hata kama ni nusu ya tulivyotamani.

Kwenu wafadhili nina ombi moja. Najua fungu la kumtunza mtu ambaye hawezi tena kufanya kazi halipendezi katika taarifa. Halina uzinduzi, wala jiwe la msingi, wala picha ya watoto wakicheka kwenye bomba jipya. Lakini vijana wanaojitolea leo wanatazama tulivyowafanyia waliojitolea jana. Wakiona tuliwaacha juu, kesho hakuna atakayekubali kupanda.

Wapo watakaosema wahitaji ni wengi na sisi ni wachache, tutaanzia wapi. Ni kweli, ni wengi. Kule Maeda nako walikuwa wengi, na mtu mwenye kamba alikuwa mmoja. Aliomba apewe mmoja tena, akamwendea aliyekuwa karibu naye zaidi.

Mimi nimeanza na yule mama. Jumamosi mbili zilizopita tulikwenda wanne, tukamrekebishia mlango ili kigari chake kipate kupita. Alituambia yuko jirani yake, mzee, aliyekuwa akichimba makaburi ya parokia bila malipo, naye siku hizi haoni. Alitutajia nyumba. Jumamosi ijayo tunakwenda kwa mzee huyo.